Nzohe haambiwi 'Cheka kidogo'

Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu ilikuwa kuwaamrisha watu. "Inua kidevu. Legeza mabega. Mama, sogea karibu na mzee. Haya, cheka kidogo!" Maneno hayo ndiyo yaliyoniletea ugali tangu mwaka wa 1994, nilipofungua studio yangu ndogo ya picha mjini Eldoret, ghorofani, hatua chache kutoka steji ya matatu.

Wasomaji wa rika langu watazikumbuka studio za siku hizo. Ukutani nilitundika pazia kubwa lililochorwa maporomoko ya maji, minazi miwili na simba aliyelala chini ya mti. Siku ya Krismasi foleni ya wateja ilishuka ngazi hadi barabarani. Mabwana na mabibi harusi, wanafunzi waliofunga shule, akina mama waliotoka arobaini na vitoto vyao, wote walisimama mbele ya simba yule wa rangi nami nikawapiga picha. Ama kweli, sidhani kuna mtu aliyempiga simba picha nyingi kunishinda mimi. Lakini simba wa kweli sikuwa nimemwona hata mmoja, wala sikuwa na hamu ya kumwona.

Kisha zikaja simu zenye kamera. Kufikia mwaka wa 2013 hivi, mteja aliyekuwa akinijia kila sikukuu alikuwa na studio yake mwenyewe mfukoni. Nikabakiwa na picha za pasipoti, za kitambulisho, na zile za marehemu zinazokuzwa ili kuwekwa juu ya jeneza. Mtu huja kwako akilia, unamkuzia picha, anakulipa, anaondoka. Sikuwa nikifanya kazi tena. Nilikuwa nikisukuma siku.

Dukani mambo yalikuwa hayo. Nyumbani yalikuwa mabaya zaidi. Kifungua mimba wangu alifanya mtihani wa KCSE mwishoni mwa mwaka wa 2015 akapata alama ya D+. Huyu ni mtoto aliyekuwa akiongoza darasa katika shule ya msingi, na majirani walikwisha kumbatiza jina la "Daktari". Alipoingia sekondari alianza kuteremka kidogo kidogo, muhula baada ya muhula, kama maji yanayovuja mtungini.

Nilimwita mzembe. Nilimwita na majina mengine ambayo gazeti la familia haliwezi kuyachapisha. Nilimwamrisha namna ya kuketi, namna ya kusoma, hata namna ya kunitazama anapozungumza nami. Naye aliponitazama alikunja uso na kufinya macho kama mtu aliyeelekea jua. Mkunjo ule wa uso ndio ulionikera kuliko hata ile D+. Niliuona kuwa ni ufidhuli. "Unanikunjia uso mimi baba yako?" Basi akaacha kunitazama kabisa.

Kufikia katikati ya mwaka wa 2016 tulikuwa tukiishi katika nyumba moja kama wapangaji wasiojuana. Nikiingia sebuleni, yeye hutoka. Mama yake ndiye aliyekuwa posta yetu: "Mwambie baba yako…" "Mwambie mwanao…"

SAFARI YA KINAMASI

Mwezi wa Juni mwaka huo alinijia mwalimu mmoja, mlezi wa chama cha wanyamapori shuleni kwake. Vyama hivi ni vya siku nyingi. Shirika linaloviunganisha, Wildlife Clubs of Kenya, lilianzishwa mwaka wa 1968, na watu wazima wengi wanaosoma ukurasa huu walipanda basi lao la kwanza la kwenda mbugani kwa sababu ya vyama hivyo. Mwalimu alitaka mtu wa kuwapiga wanafunzi wake picha za ukumbusho katika mbuga ya Saiwa Swamp. Nilikubali kwa sababu moja tu: kodi ya studio ilikuwa imechelewa.

Saiwa iko upande wa Kitale, kando ya barabara inayoelekea Kapenguria. Ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka wa 1974, na ndiyo ndogo kuliko mbuga zote za taifa nchini Kenya, kama kilomita tatu tu za mraba. Hakuna gari linaloingia ndani. Unatembea kwa miguu katika vijia vya msituni na juu ya madaraja ya mbao, kisha unapanda jukwaa lililojengwa juu ya kinamasi, mfano wa dungu la kuamia ndege shambani. Juu yake unakaa ukimngoja mwenye mbuga.

Mwenye mbuga ni nzohe. Huyu ni mnyama wa jamii ya swara, ila maskani yake ni majini. Kwato zake ni ndefu na zimetanuka, ndiposa anaweza kutembea juu ya majani yanayoelea bila kuzama. Akihisi hatari hakimbilii nyika kama swara wengine. Hujitosa majini akabakiza pua tu ya kuvutia pumzi. Mbuga ile iliwekwa hasa kwa ajili yake.

Tulipanda jukwaani na wanafunzi kumi na wawili pamoja na askari mmoja wa mbuga, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini. Baada ya robo saa msichana mmoja alininong'oneza huku akinyoosha kidole. Pale ukingoni mwa mafunjo alisimama nzohe jike, mwili umeroa, amegeuza kichwa upande. Nami, msomaji mpendwa, nikafanya nilivyozoea kufanya kwa miaka ishirini na miwili. Nilipiga hatua mbele, nikaalisha vidole na kusema kwa sauti, "Hapa! Tazama hapa!"

Nzohe akatoweka. Yalibaki mafunjo yakitikisika.

Wanafunzi waliangua kicheko. Askari hakucheka. Alinisogelea akasema kwa upole, "Mzee, huyu haambiwi 'cheka kidogo'. Sisi hapa hungoja. Akitaka, atakuja. Asipotaka, basi leo umekuja kutazama majani."

Nilirudi Eldoret na picha sitini nzuri za wanafunzi na moja ya mafunjo yanayotikisika. Mwalimu alizifurahia zile sitini. Mimi usiku ule niliitazama ile moja hadi saa saba. Maneno ya askari yalikuwa yamenichoma, na sikujua ni kwa nini.

LENZI NA ADA YA SHULE

Mwezi wa Agosti nilipata kazi ya harusi mbili kwa mpigo. Nilichukua pesa za harusi moja nikanunua lenzi ndefu ya mtumba, ile inayomvuta aliye mbali akawa karibu. Mama watoto alipojua, palikuwa hapakaliki.

"Baba watoto," aliniuliza, "ada ya huyu wa kidato cha kwanza haijaisha, na huyo mkubwa wako yuko nyumbani anahesabu kuta. Wewe unanunua kioo cha kumwonea swara?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba picha za wanyama huuzwa kwa watalii. Alinitazama kwa namna ya mtu ajuaye kwamba hata mimi mwenyewe sijaamini nisemalo.

Nikarudi Saiwa peke yangu. Mara ya kwanza nilingoja saa tatu, nikaona ndege na maji. Mara ya pili nilinyeshewa. Lakini jambo la ajabu lilianza kutendeka. Nilikuwa nimezoea kuona kile tu nilichotaka kukiona. Kwa kuwa nzohe hakuja, macho yalikosa kazi yakaanza kutazama vilivyokuwapo. Nilimwona yule kima mwenye ndevu nyeupe na utepe wa rangi ya machungwa kwenye paji la uso, ambaye watu humwita kalasinga kwa sababu ya ndevu hizo. Nilimwona mdiria akipiga mbizi na kutoka na samaki mdogo mfano wa sindano. Niliuona ukungu ukipanda kutoka kwenye maji, ukafika kimo cha mtu, ukasimama, kisha ukayeyuka. Kwa saa nzima sikukumbuka kodi, wala simu zilizoniharibia biashara, wala ile D+.

Mara ya tatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nzohe dume alitoka. Pembe zake zilikuwa zimejipinda na maji yalimtiririka shingoni. Sikusema neno. Nilibonyeza mara tano tu. Alikula, akanitazama, akaendelea kula. Alijua nipo, na akaniruhusu. Nilitetemeka mikono kama kijana anayepeleka posa.

Kwa mara ya kwanza tangu nishike kamera, nilikuwa nimepewa picha badala ya kuichukua.

TULIVYO NAVYO HATUVIONI

Tangu siku hiyo nilianza kuulizia habari za watu waliopita njia hii kabla yangu, nikagundua kwamba hapo mwanzo kamera na bunduki zilikuwa ndugu wa toka nitoke. Mjerumani C. G. Schillings, aliyepiga picha za wanyama usiku katika nchi ambayo leo ni Tanzania, alichapisha kitabu chake mwaka wa 1905, na jina lake kwa Kijerumani linataja vyote viwili: mmweko wa kamera na bunduki. Hata lugha yetu haikuvitenganisha. Risasi tunapiga, na picha tunapiga. Hapa Kenya ndugu hao walitengana rasmi mwaka wa 1977 serikali ilipopiga marufuku uwindaji. Tangu hapo mgeni anayetaka kumfuata tembo halali hana budi kumfuata na kamera.

Nikajifunza pia kwamba mabingwa hawakumfuata simba peke yake. Alan Root na mkewe Joan, waliokuwa wakiishi Naivasha, walitengeneza filamu nzima kuhusu kichuguu! Naam, kichuguu cha mchwa, kama hiki kilichoko nyuma ya jiko lako. Filamu hiyo, iliyoitwa "Mysterious Castles of Clay", ilitoka mwaka wa 1978 na ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar kule Marekani. Niliposikia hayo nilitoka na kamera hadi kwenye kichuguu ninachokipita kila siku nikienda kanisani. Mvua ilipokatika jioni moja, kumbikumbi walitoka mamia kwa mamia, mabawa yao yaking'aa katika jua la magharibi. Nililala kifudifudi kwenye majani mabichi na suruali yangu ya Jumapili. Watoto wa jirani walidhani nimerukwa na akili.

Lakini kilichonigusa zaidi ni twiga wa Soy. Kila niendapo Kitale, matatu hupita Soy, nami kwa miaka mingi sikuona pale ila mahindi na vibanda vya soko. Kumbe mwanzoni mwa miaka ya 1970 shamba moja kubwa la upande huo lilikuwa mojawapo ya makimbilio ya mwisho nchini ya twiga aina ya Rothschild, wale wenye miguu myeupe chini ya goti kana kwamba wamevaa soksi. Shamba lilipokuwa likikaribia kugawanywa kwa walowezi wapya, Jock Leslie-Melville na mkewe Betty walimchukua mtoto mmoja wa twiga hao mwaka wa 1974, wakamsafirisha hadi nyumbani kwao Langata, Nairobi. Wakampa jina la Daisy. Baadaye wengine kutoka huku kwetu walipelekwa katika mbuga ya Ziwa Nakuru.

Basi, kijana wa Eldoret anayepelekwa na shule yake Nairobi kuwalisha twiga pale Langata, akapiga picha ulimi wa twiga ukiramba kiganja chake, hajui kwamba anaongea na watu wa kwao. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mimi naongeza kwamba mara nyingine haoni hata uzuri wake.

Nilikuwa nikiwasimulia wateja habari hizi kwa bashasha, nikijiona mtu aliyefumbuliwa macho. Sikujua kwamba lililo kubwa bado sikuwa nimeliona, na lilikuwa likila ugali mezani pangu kila usiku.

"BABA, SIMWONI"

Mwezi wa Desemba mwaka huo wa 2016 nilikuwa nikipanga mkoba wangu jioni, niende kulala kwa shemeji yangu Kitale ili nifike Saiwa alfajiri. Mwanangu alisimama mlangoni. Alikaa hapo kwa muda. Miezi sita kabla ningemuuliza, "Unataka nini? Sema!" Lakini kinamasi kilikuwa kimenifunza kitu. Niliendelea kupanga mkoba polepole, sikugeuka, nikangoja.

"Naweza kwenda?" aliuliza.

"Vaa sweta," nikamjibu. "Kule kuna baridi."

Asubuhi tulikuwa jukwaani kabla ukungu haujapanda. Tulikaa bega kwa bega bila kusemezana. Chai ilikuwa katika chupa, na mkate kwenye mfuko wa karatasi ili usifanye kelele. Baada ya saa moja na zaidi, nzohe jike akatoka na mtoto wake nyuma, umbali wa mita hamsini hivi, mahali peupe kabisa. Nilimgusa mwanangu goti, nikamwonyesha kwa kidole.

Akatazama. Akakunja uso. Akafinya macho.

"Wapi?"

"Pale. Kando ya ule mti ulioanguka."

"Mti gani?"

Nilidhani ananitania. Nilimgeukia nikamtazama usoni, karibu, katika mwanga mzuri wa asubuhi, mwanga ambao mpiga picha huomba Mungu ampe. Uso ulikuwa umekunjamana vilevile ulivyokunjamana sebuleni kwangu mwaka mzima. Haukuwa uso wa kiburi hata kidogo. Ulikuwa uso wa mtu anayetafuta.

"Baba, simwoni," alisema taratibu. "Naona kijani tu."

Nilipiga picha mbili, mikono ikiwa haina nguvu, nikamwekea kamera karibu na macho aone kwenye kioo cha nyuma. Alitazama, na uso wake ukafunguka. "Kumbe ana alama nyeupe shavuni! Na yule ni mtoto wake?" Kisha akainua kichwa akatazama kinamasi, halafu kamera, halafu kinamasi tena. "Na wewe unaona haya yote kutoka hapa? Bila kamera?"

Nikamuuliza alianza lini kutoona mbali.

"Tangu kidato cha pili, nadhani. Ubao ulikuwa kama una ukungu. Nilikuwa nikinakili kwa jirani yangu. Nilifikiri kila mtu huona hivyo, ila wao wana akili kunishinda."

"Mbona hukuniambia?"

Alinyamaza kwa muda mrefu. Nzohe na mwanawe walikuwa wamekwisha kuingia mafunjoni.

"Kila nilipojaribu kukutazama," alisema, "uliniambia nimekukunjia uso."

Msomaji mpendwa, mimi ni mtu ambaye kazi yake ni kutazama nyuso. Nimetazama nyuso za watu wa Eldoret kwa maelfu. Naweza kukuambia kutokana na picha ya pasipoti nani hakulala na nani ametoka kugombana na mkewe. Uso wa mwanangu mwenyewe niliuamrisha miaka mitatu, sikuutazama hata siku moja.

Tulikunywa chai. Nilimwomba msamaha pale pale juu ya mbao zile. Sikumwomba kwa maneno mazuri. Nilisema tu, "Nisamehe, baba," nikimwita kwa jina ambalo sisi huwaita wana wetu tunapowapenda. Alisema, "Haidhuru." Haikuwa kweli kwamba haidhuru, na sote wawili tulijua, lakini ulikuwa mwanzo.

LENZI MBILI

Mwezi wa Januari 2017 tulikwenda kwa daktari wa macho. Alimvisha fremu ya chuma akawa anamtilia vioo, kimoja baada ya kingine: "Hiki au hiki? Sasa je?" Mwanangu alisoma herufi, safu baada ya safu, hadi chini. Nami nikiwa nimeketi pembeni nikakumbuka swali la mama watoto. Nilikuwa nimetoa pesa za harusi nzima kununua lenzi ya kumwonea swara wa Kitale, na huku mtoto wangu alihitaji lenzi mbili ndogo za bei nafuu kuliko ile. Nilitoka nje nikasimama kando ya barabara mpaka macho yangu yakakauka.

Tulipotoka na miwani, alisimama kwenye ngazi akatazama ng'ambo ya barabara. Alianza kusoma mabango, moja moja, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akasema, "Miti ina majani moja moja." Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa.

Alirudia kidato cha nne mwaka huo, akiketi dawati la mbele na watoto waliokuwa wadogo kwake. Matokeo ya mwaka 2017 yaliwatoa wazazi wengi machozi nchini, kwa maana waliopata C+ na kuendelea walikuwa wachache mno. Yeye alipata C. Haikuwa alama ya "Daktari", lakini ilimwingiza chuo cha kiufundi kusomea upimaji wa ardhi. Siku hizi anajipatia riziki akichungulia katika lenzi iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu, na kila nikimwona hivyo natabasamu bila kuambiwa.

Sijaandika haya ili wazazi wote wakanunue kamera. Nimeyaandika kwanza kwa sababu najua nyumba nyingi za Kapsoya, Langas, Huruma na kwingineko zina mtoto anayefinya macho, anayesogelea televisheni, anayenakili daftari la mwenzake, na anayeitwa mzembe. Kabla ya kumnyanyulia fimbo, mpeleke akapimwe macho. Ni jambo la asubuhi moja.

Pili, nawaandikia vijana wanaoniuliza dukani wataanzaje kupiga picha za wanyama na huku hawana pesa za kwenda Maasai Mara. Anzeni hapa. Nendeni kinamasi cha Marura upande wa Chepkoilel mkatafute korongo wenye taji. Ndege huyu yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini duniani tangu mwaka wa 2012, ilhali bado tunaye jirani. Nendeni Kakamega msituni. Mkipata nauli, teremkeni Bonde la Kerio hadi Rimoi kwenye tembo. Amkeni kabla ya jua. Inameni mpaka macho yenu yawe sawa na macho ya mnyama. Msimrushie kitu ili ageuke, msisogelee kiota, wala msimtupie chakula. Na kama simu ndiyo kamera mliyo nayo, kichuguu hakina mbio, kitawangoja.

Tatu ni juu yangu mwenyewe. Studio yangu ingali wazi. Picha za pasipoti bado ndizo zinazolipa kodi, na watalii niliomwahidi mama watoto hawajafika. Pazia la simba nililishusha mwaka wa 2018. Mahali pake pametundikwa picha moja kubwa ya korongo wawili wakicheza ngoma katika majani mabichi ya Marura, mabawa yamefunguka, ukungu nyuma yao. Wateja huisifu sana, wakadhani ni yangu. Nawaambia hapana, aliipiga mwanangu, kwa lenzi yangu na miwani yake.

Na siku hizi mtu akiketi mbele ya kamera yangu simwambii acheke. Naweka taa sawa, nakaa kimya, nangoja. Mwanzoni wengi hufadhaika. Kisha mabega hushuka yenyewe, pumzi hutoka, na mtu mwenyewe hujitokeza, polepole, kama nzohe anavyotoka mafunjoni akiona hakuna anayemkimbiza.